Ngozi na Nyuzi: Maoni Kuhusu Santuri za Johnny Winter

Wahakiki wengi wa muziki wakimtaja Johnny Winter huanza na mwili wake. Watakwambia alikuwa mweupe pe, nywele kama pamba, mwembamba kama fito, amejichora mwili mzima; kisha, pumzi ikiwabakia, watakwambia kwamba alipiga gitaa. Katika makala hii nakusudia kuugeuza utaratibu huo. Nitaizungumzia kwanza sauti iliyomo ndani ya santuri, halafu nitarudi kwenye ngozi, maana sisi tunaosoma fasihi katika nchi hii hatuwezi kujidai kwamba suala la ngozi ya namna ile halituhusu. Linatuhusu sana, ila lina mahali pake.

Najua wapo ndugu watakaouliza: jarida la uhakiki wa fasihi na gitaa la Mmarekani wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Bluzi ni fasihi simulizi, na ina bahari yake kama mashairi yetu yalivyo na bahari zake. Msanii huimba mstari, akaurudia huo huo, pengine kwa kubadili neno moja tu, kisha akaujibu kwa mstari wa tatu. Mzunguko mzima huchukua vipimo kumi na viwili, na mageuzi yake ya sauti yanafahamika na kila mpigaji kiasi kwamba watu wasiojuana wanaweza kupanda jukwaani na kuelewana bila mazoezi. Na kila mstari unapokwisha, inabaki nafasi. Nafasi hiyo ni ya gitaa. Ni kiitikio, isipokuwa mwitikiaji hapa si kundi la watu bali ni nyuzi sita. Ukishalishika hilo, utaona kwamba swali la kwanza la kumuuliza mpiga gitaa wa bluzi si "ana kasi kiasi gani?" Ni hili: sauti inaponyamaza, yeye anajibu nini?

John Dawson Winter wa Tatu alizaliwa Beaumont, Texas, tarehe 23 Februari 1944. Haikuwa familia ya kimaskini. Baba yake alifanya biashara ya pamba na aliwahi kuwa meya wa mji mdogo wa Leland, Mississippi. Tayari hapo pana jambo. Pamba ya Mississippi ndiyo iliyovunja migongo ya watu walioizaa bluzi, na mtoto wa mfanyabiashara wa pamba ndiye aliyekuja kuipenda bluzi hiyo kufa na kupona. Wenzetu wa mtazamo wa kitabaka watanusa kitu, nami sina ugomvi nao, nitarudi huko. Yeye na mdogo wake Edgar walizaliwa na ualbino. Muziki aliupata redioni, hasa kwa Clarence Garlow, mwanamuziki Mweusi aliyekuwa pia mtangazaji katika kituo cha Beaumont. Akiwa na miaka 15 alikwisha rekodi wimbo wake wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliingia klabu moja ya Weusi mjini hapo, B.B. King yupo jukwaani, akaomba aachiwe gitaa japo kwa wimbo mmoja. King akasita, mwisho akampa. Kijana akapiga, watu wakamshangilia.

Umaarufu ulikuja kwa ghafla. Desemba 1968 gazeti la Rolling Stone lilichapa makala kuhusu muziki wa Texas, na maneno machache yaliyomhusu Winter yalitaja uzito wake, macho yake na nywele zake kabla hayajafika kwenye gitaa. Ninyi mnaosoma elimu-mitindo mnajua kwamba mpangilio wa maneno katika sentensi hauji kwa bahati mbaya. Baada ya muda si mrefu kampuni ya Columbia ikamsaini kwa malipo ya awali yaliyotangazwa kufikia dola 600,000. Kwa mpiga bluzi wa wakati ule, hizo ni fedha za kichaa.

Basi tuiweke sindano kwenye santuri. Ile iliyotoka Columbia mwaka 1969, inayoitwa kwa jina lake tu, nimeisikiliza mara nyingi kuliko vitabu kadhaa vya kozi, na walimu wanisamehe. Ndani yake mna wapigaji wawili wa kudumu, Tommy Shannon kwenye besi na Uncle John Turner kwenye ngoma. Upande wa umeme ni moto mtupu. Katika "Be Careful with a Fool", wimbo alioutoa kwa B.B. King, Winter anaichukua ile nafasi ya mwitikiaji na kuijaza hadi inafurika. King ana tabia ya kugusa uzi mmoja, akaulia kidogo, akasubiri. Winter hasubiri. Mstari haujakwisha mdomoni yeye keshaanza kuujibu, na jibu lenyewe refu kuliko swali. Kuna raha yake, sikatai. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kama mtu anavyocheka akimwona mchezaji anapiga chenga watu wanne na bado anageuka kuwatafuta tena. Lakini ukisikiliza mara ya tano unaanza kujiuliza: huyu aliyetendwa na kulalamika yuko wapi? Gitaa limemmeza.

Sasa geukia nyimbo zake mbili za gitaa la chuma katika santuri hiyo hiyo, "Dallas" na "When You Got a Good Friend" ya Robert Johnson. Hapa hana besi wala ngoma. Amevaa kipande cha bomba kidole cha mwisho, anakitelezesha juu ya nyuzi, na kidole gumba cha mkono wa pili kinatwanga nyuzi nene bila kukoma. Mtu mmoja anafanya kazi ya watatu: anaimba, anajiitikia, na anajipigia mguu. Na kwa sababu kazi ni nyingi, hana nafasi ya kupayuka. Kila noti inabidi ijieleze imekuja kufanya nini. Kuna pahali katika "Dallas" ambapo sauti yake inaishia njiani na bomba linaumalizia mstari ule, yaani neno la mwisho linatamkwa na chuma. Hiyo kwangu ni fani iliyokomaa, na aliyeifanya alikuwa na miaka 25 tu.

Kuna pia "Mean Mistreater", ambamo wamealikwa wazee wawili wa Chicago, Willie Dixon kwenye besi na Big Walter Horton kwenye harmonika. Sikilizeni adabu inavyomwingia kijana! Anapunguza mwendo, anampisha Horton, anajibu kwa maneno machache kama mtoto aliyelelewa anapoketi barazani na wakubwa. Nashikilia hoja hii kwa sababu itanisaidia mbele.

Agosti 1969 alipiga Woodstock, usiku wa manane, ingawa filamu ya 1970 haikumwonyesha. Mwaka huo huo ikatoka Second Winter, santuri mbili zenye pande tatu tu za muziki. Upande wa nne uliachwa mtupu, bila mfereji hata mmoja. Ndiyo iliyomo "Highway 61 Revisited" ya Bob Dylan. Wapo wanaoshikilia kwamba wimbo ni mali ya mtunzi na mwimbaji mwingine ni mtarishi tu wa kuufikisha. Wasikilize hii. Dylan aliutunga kama mzaha mkavu wa mtu anayesimulia upuuzi bila kutabasamu. Winter anaufanya barabara yenyewe, kwa lile bomba linalopita kama lori usiku. Maneno ni yale yale, ila wimbo umekwisha kuwa mwingine. Wanaofundisha kwamba katika fasihi simulizi utendaji ndio kazi, wana mfano mwingine hapo wa kutumia darasani.

Kipindi kilichofuata nakipita haraka. Aliunda kundi na Rick Derringer mwaka 1970, na santuri yao ya jukwaani ya 1971 iliuzwa vizuri, tena hata leo wapenzi wa roki huitaja kwa heshima. Mimi inanichosha. Ni wapiga gitaa wawili wanaoshindana kujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Baada ya hapo heroini ikamshika, akaingia matibabu, na mwaka 1973 akatoa Still Alive and Well. Jina linajieleza: yu hai bado, na mzima. Santuri nzuri, ya mtu aliyerudi.

Sasa tufike panapostahili muda. Mwaka 1976 Muddy Waters alikuwa na umri wa miaka 63. Huyu ndiye aliyeibeba bluzi ya mashamba ya Mississippi akaitia umeme Chicago. Kampuni yake ya zamani, Chess, ilikuwa imewahi kumvisha kanzu isiyo yake kwa santuri ya 1968, Electric Mud, ili awapendeze vijana wa kihipi. Alikuwa amekwisha ondoka Chess. Winter, ambaye sasa alikuwa na jina na nguvu kwenye kampuni, akamchukua hadi studio ya Dan Hartman, Westport, Connecticut, Oktoba 1976, akiwa mtayarishaji. Akawakusanya James Cotton wa harmonika, Pinetop Perkins wa piano, Willie "Big Eyes" Smith wa ngoma, Bob Margolin wa gitaa na Charles Calmese wa besi. Wakapiga pamoja kama wanavyopiga baa, na mikrofoni zikaunasa mwangwi wa chumba. Santuri ikaitwa Hard Again, ikatoka 1977.

Ufungueni wimbo wa kwanza, "Mannish Boy", ambao Muddy aliurekodi mara ya kwanza mwaka 1955. Muziki wenyewe ni kishazi kimoja tu cha gitaa, kinarudi na kurudi, hakina pa kwenda wala hakitaki kwenda. Juu yake mzee anajigamba. Wenzangu mliosoma majigambo ya Wahaya mtaitambua fani hii mara moja: mtu anasimama mbele ya watu anajitaja yeye ni nani. Lakini majigambo bila wasikilizaji wanaoitikia ni kichekesho, si kweli? Na hapo ndipo Winter anapofanya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya mbele ya mikrofoni. Anapiga yowe. Nyuma ya Muddy, kila mstari ukiisha, unamsikia anapaza sauti kama mlevi aliyefurahi, na gitaa lake analishusha chini likae pamoja na ya wenzake. Yule kijana aliyekuwa akijibu kabla ya kuulizwa, leo anangoja mstari uishe. Ameacha kushindana na swali. Na kwa kungoja kwake, sauti ya Muddy inakuwa kubwa kama nyumba.

Walifuatisha I'm Ready mwaka 1978, santuri ya jukwaani mwaka 1979 na King Bee mwaka 1981. Tatu za kwanza zilimpatia Muddy tuzo za Grammy. Mzee akafariki 1983.

Niliahidi kurudi kwenye tabaka. Kuna mwenzetu katika semina alisema kwamba kazi hizi ni mfano wa Mzungu kumpa Mweusi zawadi kwa mali aliyomwibia. Kauli kali, na nusu yake ni kweli. Malipo ya awali ya dola 600,000 hayakwenda kwa Muddy wala kwa Horton wala kwa kizazi chote kilichoivumbua bahari ile. Yalikwenda kwa kijana wa Texas kwa sababu soko la vijana wa Kizungu lilitaka uso wa kufanana nao. Hard Again haifuti deni hilo. Ila nasema mhakiki akiishia hapo atakuwa amehakiki hundi. Santuri inabaki haijasikilizwa. Ndani ya muziki wenyewe tunaona mtu aliyepewa mamlaka yote ya studio na akayatumia kujipunguza. Wangapi miongoni mwa waliotajirika kwa bluzi walifanya hivyo? Electric Mud na Hard Again zote mbili zilitengenezwa na watu waliotaka Muddy auze. Tofauti imo katika fani, na fani ndiyo inayotufichulia nani alikuwa anamheshimu nani.

Na ngozi je?

Kosa la kwanza ni lile la Rolling Stone, la kumfanya mtu kioja. Mfano wake uliovuka mipaka ni katuni. Mwaka 1995 kampuni ya DC Comics ilitoa mfululizo uitwao Jonah Hex: Riders of the Worm and Such, na ndani yake wamo ndugu wawili waovu, Johnny na Edgar Autumn, wenye nywele ndefu nyeupe, nusu watu nusu mnyoo. Kwa wasiojua: Winter ni majira ya baridi, Autumn ni majira yanayoyatangulia. Ndugu wa kweli wakashitaki. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya California iliamua kwamba katuni ile ilikuwa ubunifu uliokwisha mgeuza mtu kuwa kitu kingine, kwa hiyo inalindwa na uhuru wa kujieleza. Kisheria labda ni sawa. Mimi si mwanasheria. Kwa mhakiki wa fasihi, hata hivyo, swali liko wazi. Kati ya vitu vyote ambavyo mtunzi angeweza kuwageuza, kwa nini kiwe kile ambacho tayari kinanong'onwa vichochoroni, kwamba hawa si watu kamili? Sisi tunajua mnong'ono ule umefika wapi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walikatwa viungo na kuuawa kwa imani kwamba miili yao ni dawa ya utajiri. Hadithi ya kiumbe nusu mtu haibaki kwenye karatasi siku zote.

Kosa la pili ni la watu wema, na ndilo linalonisumbua zaidi kwa kuwa ni letu. Nalo ni kusema: Winter aliimba bluzi vizuri kwa sababu ualbino ulimfundisha mateso. Hoja tamu! Imezunguka sana, na ndivyo tunavyowasoma hata wahusika wa vitabuni. Wengi wetu tulisoma Takadini ya Ben Hanson sekondari, mama Sekai akikimbia na mwanawe ili asiuawe. Kwenye mtihani tuliandika nini? Kwamba mtoto yule ni "ishara" ya wanaobaguliwa. Tukapata alama. Mtoto mwenyewe, anachopenda, anachochukia, hakuna aliyeuliza.

Hoja ya mateso inavunjwa na ushahidi mmoja tu, naye ni Edgar. Ngozi ile ile, nyumba ile ile, baba na mama wale wale, shule zile zile. Edgar akashika saksafoni na vinanda, akavutwa na jazi, na mwaka 1973 wimbo wake usio na maneno, "Frankenstein", ukapanda hadi nafasi ya kwanza Marekani. Kama ngozi ndiyo inayozaa bluzi, kwa nini ilimzalia mmoja tu? Salif Keita wa Mali ana ualbino pia, na mwaka 2009 alitoa La Différence kulizungumzia jambo hilo waziwazi. Husikii bluzi ya Texas humo, unasikia ukoo wa Kimandinka na maamuzi ya mwanamuziki mmoja. Na mwaka 2017 kikundi cha watu wenye ualbino kutoka kisiwa cha Ukerewe, Tanzania Albinism Collective, kilitoa White African Power, nyimbo fupi fupi walizotunga wenyewe. Kazi hiyo nayo huwa inasifiwa kwa huruma. Sijaona anayehangaika kusema wimbo upi umetungwa vizuri na upi haukufika. Kumnyima mtu lawama ya kisanaa ni kumnyima usanaa wenyewe.

Ndiyo maana nimemlaumu Winter pale alipostahili. Santuri zake za Alligator, tatu kati ya 1984 na 1986, zina nyimbo zinazofanana kama mapacha. Baada ya hapo afya ilimpiga chini kwa miaka mingi, na kuna rekodi za kipindi hicho ambazo vidole vinachelewa. Roots ya 2011 ilimrudisha kwa nyimbo za wale waliomfundisha, chini ya usimamizi wa mpiga gitaa Paul Nelson. Tarehe 16 Julai 2014 alifariki hotelini karibu na Zürich, Uswisi, akiwa ziarani, umri miaka 70. Step Back ikatoka Septemba mwaka huo, ikapata Grammy ya bluzi mwaka 2015. Wageni waalikwa wamejaa humo, Eric Clapton, Billy Gibbons, Dr. John na wengine, na kwa kweli wanazidi. Unajikuta unahesabu majina badala ya kusikiliza.

Isipokuwa "Death Letter" ya Son House. Hapo wageni wameondoka wote. Ni mzee na gitaa la chuma, kama kwenye "Dallas" miaka 45 nyuma. Sauti imekauka, haiwezi tena kunguruma kama ya 1969, na mkono wa bomba hauna haraka yoyote. Anaimba mstari, ananyamaza. Anangoja. Halafu ndipo chuma kinajibu.